Nafula, soma kwanza majibu waliyokosa

Nafula mwanangu,

Sisi huku Nakuru hatujambo. Mvua imetukumbuka, na mahindi ya mama yako nyuma ya nyumba yamefika kiunoni.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema zaidi ya nusu ya darasa lako la diploma ya ujenzi hapo Kisumu wameanguka CAT, lile jaribio la katikati ya muhula, na mwenzako katika chumba cha walimu amekuambia usijisumbue, watoto wa siku hizi ni wavivu, wanakesha kwenye simu. Ndipo unaniuliza: "Baba, ni wao au ni mimi? Na nitajuaje?" Mama, nitaanza na hilo la pili, maana ukilijibu, la kwanza litajijibu lenyewe.

Nimezipitia picha za karatasi ulizonitumia, nikivuta na kukuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Swali la nne ndilo lililowamaliza. Slabu ya mita 10 kwa mita 4, unene milimita 150, zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mifuko mingapi ya saruji ya kilo 50? Jibu ni mifuko 38. Karatasi baada ya karatasi imeandikwa 25.

Sasa tazama hapo. Wavivu hawakosei kwa pamoja. Mmoja ataandika 12, mwingine 90, wa tatu ataacha nafasi wazi au achore ua. Hii 25 imepatikana kwa jasho: wamepata ujazo wa mita 6 za ujazo, wakagawanya kwa 7 kwa sababu 1 na 2 na 4 ni 7, wakagawanya tena kwa 0.035 ambayo ni ujazo wa mfuko mmoja. Kila hatua ni sawa isipokuwa moja waliyoiruka, ile ya kuzidisha kwa 1.54 ili kutoka ujazo wa zege lililoshindiliwa kwenda ujazo wa malighafi kavu. Nami niliwaza kwamba huenda walinakiliana. Lakini mmoja ametumia 0.0347, mwingine amepitia uzito wa saruji, kilo 1,440 kwa kila mita ya ujazo, na wote wameangukia 25. Kosa linalofanana katika karatasi nyingi hivyo lina chanzo kimoja, na mara nyingi chanzo hicho ndicho kilichoshika chaki.

Kisha nikatazama picha ya noti walizonakili kutoka ubaoni kwako. Nimeiona 1.54 ndani ya kisanduku, umeipigia mstari mara mbili, na sababu yake haipo. Kwako wewe ni jambo la wazi, umekaa saiti, umeona mchanga na saruji vikijipenyeza katikati ya kokoto mpaka rundo likapungua. Wao hawajaona. Kwao 1.54 ni kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua, na namba ya namna hiyo haikai kichwani hadi siku ya mtihani.

Kwa hiyo kesho usianze na ubao. Chukua karai, koleo, ndoo mbili za kokoto na ndoo moja ya mchanga. Kabla hujachanganya, kila mmoja aandike kwenye daftari lake: nikichanganya hizi, nitapata ndoo ngapi? Waandike kweli, usikubali majibu ya kupaza sauti, kwa sababu atakayesikia sauti ya aliye mbele atamfuata tu. Wengi wataandika tatu. Changanya, tia maji, shindilia, kisha rudisha kwenye ndoo mbele ya macho yao. Hazitafika tatu. Hapo ndipo utawauliza zilikoenda, na ukae kimya. Wakishaeleza wenyewe kwamba ili upate zege lililoshindiliwa unahitaji malighafi kavu nyingi zaidi, ndipo uilete 1.54 yako.

Hilo la kukaa kimya usilidharau. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Aliona kwamba kwa kawaida haufiki hata sekunde moja na nusu kabla mwalimu hajajijibu au kumrukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu, utahisi umekaa nusu saa. Na hilo "Mmeelewa?" lenu ambalo darasa zima huitikia "Ndiyooo", liache kabisa. Hakuna mtu Kisumu nzima atakayesimama katikati ya wenzake aseme hapana.

Usidhani jambo hili huwapata walimu wapya tu, au vyuo vyetu visivyo na vifaa. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia Harvard mwaka 1984, na kwa miaka kadhaa alijiona mwalimu hodari. Wanafunzi walimsifu, hesabu ngumu walizitatua. Mwaka 1990 aliwapa jaribio la maswali mepesi ya maneno kuhusu nguvu na mwendo, kama hili: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Kwa sheria ya Newton, zinasukumana sawasawa. (Mwambie hivyo dereva wa gari dogo la Probox pale barabarani Salgaa uone atakavyokuangalia.) Mwanafunzi mmoja akamuuliza Mazur ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri yeye mwenyewe. Mwanangu, swali hilo ndilo ningeogopa kuulizwa kuliko hata kuitwa mwalimu mbaya, maana linasema wanafunzi walikuwa na fizikia mbili, moja ya mtihani na moja ya maisha. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko alivyotarajia.

Alijaribu kueleza swali moja tena na tena, wakamkodolea macho. Mwisho akawaambia wageukiane waelezane wao kwa wao, na darasa likawaka kelele. Aliyeelewa jana anakumbuka ni wapi alikwama, mwalimu alishasahau zamani. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa njia yake: swali, kila mtu achague jibu, ageukie jirani amshawishi, wachague tena. Wewe huhitaji kifaa chochote kwa hilo. Vidole vinatosha.

Sasa kuhusu wavivu wa mwenzako. Hata katika zile picha chache kuna karatasi tupu, na hizo usijilaumu kwazo. Lakini usizikisie pia. Miaka ya 1970 pale Berkeley, Uri Treisman aliwauliza wahadhiri kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka kalkulasi. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, familia hazijali. Treisman akaenda kuwaangalia wanakoishi. Ari ilikuwepo, na familia zilijali sana. Wengi walikuwa wakisoma peke yao, kila mtu chumbani kwake, huku wanafunzi wa Kichina wakikaa pamoja, wakisahihishana na kubishana. Alipoanzisha vikundi vya kufanya hesabu ngumu pamoja, matokeo yao yakapanda.

Wako nao waite mmoja mmoja, bila hotuba. Uliza analala wapi, Nyalenda hapo mjini au anatoka Ahero kila asubuhi, anaendesha boda usiku, pesa za HELB, ule mkopo wa masomo wa serikali, zimefika au bado. Huenda ukapata mvivu mmoja au wawili wa kweli, nao wapo, nisikudanganye. Hao waachie mwenzako wa chumba cha walimu.

Ukirudi darasani usiwagawie alama za huruma. Chini ya mfumo huu wa CBET, wa mafunzo yanayopima umahiri, mtathmini hatauliza ulimwongezea ngapi, ataangalia kama mtu anaweza kazi au bado hajaiweza. Wala usisimame uombe msamaha robo saa, utawachosha. Sema sentensi moja: swali la nne sikulifundisha ipasavyo, leo tunalirudia. Kuna walimu wanaoamini ukisema hivyo heshima inakwisha. Mimi siamini. Wale vijana wameshaliona kosa kabla yako, na mwalimu anayejifanya halipo ndiye wanayemcheka njiani.

Kisha wape jaribio jipya, na usibadilishe vipimo tu. Waulize hivi: mwenye nyumba wa Mamboleo amenunua mifuko 25 kwa slabu ile ile, mafundi wanaanza kumwaga asubuhi, eleza kitakachotokea. Anayejua atakuambia saruji itaisha kazi ikiwa imefika thuluthi mbili hivi, zege lililomwagwa litakuwa limeshika wakati mtu anatafuta mifuko 13 mjini, na pale lililokauka litakapokutana na jipya patabaki mshono dhaifu wa kupitisha maji. Anayekariri hataweza, hata kama 1.54 ameichora mkononi.

Watanung'unika, jiandae. Wamezoea kunakili, na kazi ya kufikiri inachosha. Harvard hiyo hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara mzuri na waliofanyishwa kazi darasani. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kwa hiyo zile fomu za kutathmini mhadhiri mwisho wa muhula zisome, usizipuuze, ila zisikurudishe kwenye kisanduku na mistari miwili.

La mwisho ni la makaratasi. Kwenye maazimio yako ya kazi, pembeni mwa somo hilo, andika kwa kalamu nyekundu: waliandika 25, walisahau nafasi kati ya kokoto, anza na karai. Usiandike "somo halikwenda vizuri", maana wakija wanafunzi wapya wa Septemba hutakumbuka lilikwendaje.

Ukishamaliza karatasi zote, nitumie idadi: zilizo na 25 ngapi, tupu ngapi. Na swali la pili, lile la timazi, naona umelichapisha bila mchoro. Mimi nimejenga kuta tangu hujazaliwa na sikuelewa unauliza ukuta gani. Hilo lisahihishe kabla hujamlaumu mtu.

Baba yako