Ukizama Mnemba asubuhi, usipande SGR ya Dodoma jioni

Mkuu, hapana. Umeuliza mwezi mzuri wa kuona kasa kisiwani Mnemba, Zanzibar, bei, na kamera ya kubeba, ila kilichonishtua ni ratiba yako: Jumapili asubuhi uzame kwa mtungi wa hewa mara mbili, mchana boti ya Dar, jioni treni ya SGR, Jumatatu uwe ofisini Mtumba, Dodoma. Ratiba hiyo hiyo nimeilipia kwa bega na kiwiko. Usirudie.

Ukiwa mita 18 chini unavuta hewa yenye mgandamizo karibu mara tatu ya ule wa ufukweni. Nitrojeni inaingia kwenye damu na misuli, na ukishapanda botini haijaisha. Inatoka taratibu kupitia mapafu, kwa saa nyingi. Sasa Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, mgandamizo wa hewa pungufu kwa asilimia kama 12. Pakiti ya krispi ya Kariakoo si inafika huku imevimba? Nitrojeni iliyobaki nayo inaweza kugeuka mapovu. Viungo vinauma, ngozi inaota mabaka, miguu inakufa ganzi, na mapovu yakishika uti wa mgongo unaweza kupooza. Na SGR inakupandisha huo mwinuko wote kwa saa chache tu.

Kinachoniuma zaidi ni jibu la kituo cha kuzamia. Niliwauliza waziwazi, wakasema katazo ni la ndege, treni haina shida. Unapokeaje pesa za watu wa bara bila kujua bara kuna mwinuko? Ndege, treni, basi, gari lako: kote unapanda.

Muda unaopendekezwa kabla ya kupanda ndege, utumie pia kwa kurudi Dodoma: ukizama mara moja tu, angalau saa 12, mara mbili au siku mfululizo, angalau saa 18. Mimi nashikilia 24.

Majini, kasa akipanda kuvuta pumzi usimfuate juu. Wageni wengi hukosea hapo: wanapaa naye huku wamebana pumzi, na mapafu yanaweza kupasuka. Ukipanda usizidi mita 9 kwa dakika, simama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3, na usikae juu ya kasa ukamzibia njia.

Maumivu yakianza, usimeze dawa ukalala. Nenda hospitali, omba oksijeni, na umwambie daktari mapema kwamba ulizama kwa mtungi na saa uliyotoka majini, maana tiba yenyewe ni chemba ya mgandamizo, chumba maalumu chenye hewa ya mgandamizo mkubwa, na haipo kila mahali.

Kwa hiyo zama Jumamosi, uwe umetoka majini kabla ya saa sita mchana. Jumapili asubuhi, ukiwa bado na hamu, ogelea juu juu kwa miwani na mrija. Kasa lazima aje juu kupumua, unaweza kumwona. Tiketi ya jioni ibaki hivyo hivyo.