Mbegu za Mtapo Zilizonipa Jina la Tapeli

Juzi dada mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, mbegu za mtapo nimezipanda, huu sasa ni mwezi wa tisa tangu nizifukie, hakuna hata moja iliyoota. Nimekosea wapi?" Moyo ulinipiga. Maneno hayo niliwahi kuambiwa uso kwa uso, tena kwa matusi.

Nina bustani ya miche hapa Mtwara. Mtapo, kwa asiyeujua, ni mmea unaofanana na mnazi mfupi, nao huzaa koni, yaani bumba la magamba linalobeba mbegu au chavua. Wangu ulipozaa mara ya kwanza, koni yake ilipoachia niliokota mbegu nyekundu, nono, zinang'aa. Nikamuuzia sitini bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mwaka ukapita, hola. Akaja, akazimwaga mlangoni pangu mbele ya wateja, akaniita tapeli. Mke wangu alikuwepo. Sijasahau hadi leo.

Jioni nikapasua moja kwa panga. Ndani kumejaa kiini cheupe cha wanga, lakini katikati, pale anapokaa mtoto wa mmea, patupu.

Sisi tuliokulia chini ya mikorosho tumezoea mti unaojitosheleza, kwa kuwa shada moja la mkorosho lina maua ya kiume na mengine yenye jinsi zote mbili. Hata mipaina ya Sao Hill kule Mufindi hubeba koni dume na koni jike kwenye mti mmoja, upepo ukapeperusha chavua. Mtapo hauko hivyo. Dume ni mti wake na jike ni mti wake, na mbebaji wa chavua ni vidudu jamii ya fukusi. Jike likikosa chavua bado linaweza kujaza mbegu za ukubwa uleule. Mimi nilikuwa na jike peke yake.

Nikatafuta dume mpaka nikalipata kwa mzee mmoja Mikindani. Koni yake ilipokomaa niliikung'utia kwenye gazeti: unga wa manjano kama bizari. Nikaurudisha nyumbani kwa bodaboda, bahasha kifuani. Magamba ya koni jike yalikuwa yameanza kuachana, nafasi ya kupitisha mrija tu. Nikapuliza chavua humo asubuhi tatu mfululizo. Leo nina miche arobaini na moja, na nimeikuza kwa mikono yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu, jueni jinsia ya mti wenu kabla ya kuuza mbegu. Jueni jinsia! Anayeuza bila kujua anakula jasho la mwenzake. Wala msiende kung'oa mitapo porini. Jamii yake yote, ambayo wataalamu huiita Encephalartos, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, daraja la ulinzi mkali kuliko yote, na mti wenyewe hukua polepole mno.

Dada yangu wa Masasi, fukua mbegu moja leo uipasue. Ukimkuta mtoto katikati, hata kama ni uzi mwembamba, zirudishie mchanga zilizobaki uendelee kusubiri. Ukikuta patupu, mrudie aliyekuuzia umuulize dume lake liko wapi.