Daktari wa Meno Anajibu: Nisubiri Hadi Lini?

Barua nilizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: je, hili linaweza kungoja? Mmoja anangoja ajifungue, mwingine anangoja meno ya mwanawe yang'oke yenyewe. Majibu yangu hayalingani urefu, kwa kuwa barua nyingine zinagusa mambo ambayo nimekuwa nikiyasikia kliniki kila wiki kwa miaka mingi.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina ujauzito wa miezi mitano. Tangu mwezi wa tatu fizi zangu hutoka damu kila ninapopiga mswaki, na kati ya meno mawili ya mbele pameota kijinyama chekundu. Isitoshe, gego moja la chini limetoboka na usiku linaniuma. Mama mkwe ananiambia kwamba kila mtoto huondoka na jino la mama yake, na kwamba mjamzito hachomwi sindano ya ganzi, hivyo nivumilie hadi nijifungue. Kwa sasa nimeacha kupiga mswaki upande unaotoka damu. Je, nimefanya vyema? – *Mjamzito wa mara ya kwanza*

JIBU: Dada yangu, nianze na mswaki, kwa sababu hilo unaweza kulirekebisha leo jioni. Fizi zako hazitoki damu kwa sababu ya kuguswa na mswaki. Zinatoka damu kwa sababu ya ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Wakati wa ujauzito homoni za projesteroni na estrojeni hupanda sana na kuzifanya fizi zichachamae mbele ya ukoga uleule ambao zamani ziliustahimili. Ukiuacha upande mmoja bila kusafishwa, ukoga huongezeka, uvimbe huzidi, na damu utakayoiona wiki ijayo itakuwa nyingi kuliko ya wiki hii. Tumia mswaki wenye nyuzi laini, uulaze kidogo kuelekea kwenye ufizi, na upitishe taratibu mara mbili kwa siku hata kama damu inatoka. Hali hii huanza mara nyingi katika mwezi wa pili au wa tatu, hufikia kilele karibu na mwezi wa nane, kisha hutulia baada ya kujifungua. Kijinyama hicho nacho kwa kawaida si cha hatari, na mara nyingi husinyaa chenyewe mtoto akishazaliwa, ila kionyeshe kwa daktari ili akihakikishe kwa macho.

Kuhusu mtoto kuondoka na jino la mama, mama mkwe wako hakulizua jambo hilo. Bila shaka amewaona wanawake wengi waliopoteza meno katika miaka ya uzazi; alichokiona ni kweli, isipokuwa sababu yake ndiyo siyo. Jino likishakomaa halirudishi kwenye damu kalisi yake, yaani madini yanayolifanya liwe gumu. Mtoto huipata kalisi kutoka katika chakula cha mama, na isipotosha huchotwa kwenye mifupa yake, wala si kwenye meno. Kinachoyaharibu meno ya mjamzito ni kula kidogo kidogo mchana kutwa, hasa vitu vya sukari, pamoja na tindikali ya matapishi, kichefuchefu kinachomfanya auchukie mswaki, na zaidi ya yote, ushauri wa kuvumilia.

Hivyo basi, gego lako lisingoje. Jino linalouma hutibiwa katika mwezi wowote wa ujauzito, na miezi ya kati, ambamo umo sasa, ndiyo yenye nafuu zaidi: kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijakuelemea kitini. Ganzi ya kawaida ya lidokeini hutumiwa kwa wajawazito bila tatizo, na picha moja ya eksirei ya jino, inayolenga taya tu, inaweza kupigwa ikihitajika. Jambo la lazima ni kumwambia daktari mapema kwamba una mimba na ya miezi mingapi, kwa kuwa dawa si zote sawa. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza. Ibuprofeni usijinunulie, hasa kuanzia wiki ya 20. Na antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini huepukwa kwa sababu hujishikiza kwenye meno ya mtoto yanayojengeka tumboni na kuyatia madoa ya kudumu. Ukienda katika miezi ya mwisho, usilale chali kabisa, kwani mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na unaweza kusikia kizunguzungu. Omba mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ili uelekee kidogo upande wa kushoto.

Pengine utasikia pia kwamba ugonjwa wa fizi humfanya mama azae kabla ya wakati. Tafiti zimeyaona mambo hayo mawili yakiandamana, lakini haijathibitishwa kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito hupunguza uzazi wa namna hiyo, hivyo sitakutisha kwa hoja hiyo. Jipu la jino linaloweza kusambaa hadi shavuni na shingoni ni sababu ya kutosha ya kutongoja.

SWALI: Daktari, mimi hutapika kila asubuhi, kisha hukimbilia mswaki kuondoa uchachu mdomoni. Rafiki yangu anasema ninajiumiza. Ni kweli? – *Mama mtarajiwa*

JIBU: Ni kweli. Tindikali ya tumboni huulainisha kwa muda uso wa jino, na mswaki unaopita wakati huo huusugua na kuuondoa. Sukutua kwa maji mara mbili tatu, uteme, kisha usubiri kama saa moja ndipo upige mswaki. Hii ndiyo barua pekee katika ukurasa huu ambayo jibu lake ni kusubiri.

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka miwili na nusu. Meno yake ya mbele ya juu yameanza kuwa ya kahawia karibu na ufizi, ingawa ya chini ni meupe kabisa. Hulala na chupa ya maziwa yenye sukari kidogo, bila hiyo halali. Nyumbani wanasema hayo ni meno ya utoto, yataanguka na kuota mengine, kwa hiyo nisihangaike. Je, nihangaike? – *Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Mama, hangaika kidogo sasa ili usihangaike sana baadaye. Namna ulivyoeleza, meno ya juu yameharibika na ya chini yamesalimika, inaashiria kuoza kunakotokana na chupa ya usiku. Mtoto anaponyonya, ulimi huyafunika meno ya chini, na mate ya tezi zilizo chini ya ulimi huyaosha. Ya juu hayana kinga hiyo. Akishalala mate hupungua sana, na maziwa yenye sukari hubaki yakiyazunguka meno hayo usiku kucha. Bakteria huigeuza sukari kuwa tindikali, na tindikali hulimomonyoa jino.

Kesho asubuhi mlaze kichwa chake mapajani pako, mwanga wa dirisha ukimwangaza usoni, uuinue mdomo wa juu kwa kidole cha shahada na utazame pale ufizi unapoishia. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, kama umechorwa kwa chaki, hapo uozo ndio unaanza na bado unaweza kurudishwa nyuma kwa floridi, madini yanayoliimarisha jino, na kwa kuacha sukari ya usiku. Palipokwisha kuwa kahawia na kulegea panahitaji daktari. Siku hizi si lazima kila jino la mtoto mdogo lichongwe: kuna dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani iliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, inayopakwa juu ya tundu na kuuzuia uozo usiendelee. Hulitia jino weusi, nawaambia wazazi mapema wasije wakashtuka, lakini haina sindano wala mashine.

Sasa hoja ya kwamba yataanguka. Meno ya mbele huanguka mwanao akiwa na miaka sita au saba hivi, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili, na uozo ukiachwa haukomei mbele. Huyo ana miaka saba au zaidi ya kutafunia magego hayo. Jino la utoto pia humshikia nafasi mwenzake wa kudumu. Liking'olewa mapema, ya jirani huegemea pengo na jipya huota limepinda. Jipu likikaa chini yake linaweza hata kuliharibu jino la kudumu linalojengeka hapo.

Chupa usimnyang'anye usiku mmoja, hutalala wewe wala yeye. Ondoa sukari kwanza, kisha punguza maziwa na kuongeza maji kila baada ya siku chache mpaka ibaki chupa ya maji matupu, ambayo mara nyingi huiacha mwenyewe. Mpige mswaki wewe, mara mbili kwa siku, mara ya mwisho ikiwa kabla tu ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi isiyopungua sehemu 1,000 kwa milioni. Kwa umri wake dawa iwe kama punje ya mchele. Akifikisha miaka mitatu iwe kama punje ya njegere. Ateme, asisukutue. Endelea kumsimamia hadi miaka saba au minane, kwani mkono wa mtoto bado hauna ustadi huo hata akikuapia kwamba ameshasafisha.

Tena tazama kinywa chako mwenyewe. Bakteria wanaoozesha meno humfikia mtoto kwa mate, aghalabu ya mama. Sisemi uogope kila kijiko mnachochangia. Nasema tundu lako lizibwe.

SWALI: Binti yangu wa miezi saba anaota meno, ana homa ya nyuzi 39 na anaharisha. Je, ningoje jino litokeze? – *Baba wa watoto wawili*

JIBU: Usingoje, ndugu, mpeleke hospitali. Kuota jino huleta udenda, kung'ata vitu, usingizi wa kukatika na pengine joto kidogo tu. Homa ya kiwango hicho pamoja na kuharisha ni ugonjwa mwingine uliokuja wakati mmoja na jino. Kwa fizi zinazowasha, msugue kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi, na usimpake dawa za ganzi zenye benzokaini.

SWALI: Mwanangu ametimiza miaka sita. Nyuma kabisa ya meno yake pameota gego, na hakuna jino lililong'oka. Hilo ni la utoto? – *Mlezi*

JIBU: Hapana, ni la kudumu, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Meno ya utoto ni ishirini na yalikamilika yote kufikia umri wa miaka mitatu hivi. Gego la miaka sita huota nyuma yao bila kumfukuza yeyote, kimya kimya, ndiyo maana wazazi wengi huligundua likiwa limeshatoboka. Juu yake kuna mifereji mirefu ambamo chakula hujificha, na kwa kuwa bado ni fupi kuliko jirani zake, mswaki hulipita juu bila kuligusa. Uingize mswaki kutoka shavuni, ukiukingamisha, ulisugue hilo peke yake, kisha umuulize daktari kama mifereji hiyo inafaa kuzibwa kwa utando wa kinga kabla haijaanza kuoza.