Kabla ukurasa haujazimwa: kwa wanaoanza kazi ya kuhifadhi tovuti

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa tovuti ya gazeti dogo lililokuwa likifungwa. Nilikaa siku tatu nikipiga skrinshoti, ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikaridhika. Mwaka uliofuata akaja mama mmoja kuulizia tanzia ya baba yake. Nilikuwa nayo: jina, picha, mwaka wa kuzaliwa, kisha skrini ikaishia hapo. Majina ya watoto na mahali pa mazishi yalikuwa chini zaidi, na sikuwa nimeteremka. Tovuti ilishazimwa. Mama alisoma kile kipande mara mbili, akashukuru, akaondoka. Sijamsahau.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, elewa kwamba skrinshoti ni picha tu ya ukurasa. Huwezi kutafuta neno ndani yake wala kubofya kiungo. Wahifadhi hutumia faili la WARC, ambalo hutunza kila kitu seva ilichotuma, yaani maandishi, picha, sauti, pamoja na saa kilipopokelewa. Muundo huo ni wa kiwango cha kimataifa, ISO 28500, hivyo faili la leo litafunguka hata kama programu iliyolitengeneza itakufa.

Lakini usianzie huko. Anza na Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za wavuti ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1996. Nenda web.archive.org/save, bandika anwani ya ukurasa, subiri. Halafu fanya jambo ambalo wageni wengi hulisahau: fungua nakala yenyewe. Teremka hadi chini kabisa. Picha zipo? Sauti inacheza? Kitufe cha "soma zaidi" kinafungua kitu? Kurasa nyingi za siku hizi huleta maudhui kadiri unavyoteremka, na roboti, yaani programu ya Wayback Machine inayozipitia yenyewe, huambulia ganda tu. Kurasa za namna hiyo zihifadhi kwa ArchiveWeb.page, programu ya bure inayokaa kwenye kivinjari cha Chrome na kurekodi kila unachokifungua. Usichokifungua hakirekodiwi, kwa hiyo bofya kila picha kwa subira. Na usirekodi ukiwa umeingia kwenye akaunti yako halafu ukamgawia mtu faili hilo, kwani linaweza kubeba siri za akaunti yako.

Jifunze pia kusoma anwani ya nakala. Ndani yake kuna tarakimu 14, kwa mfano 20240315230500: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam tunaongeza saa tatu, kwa hiyo nakala hiyo ilichukuliwa saa nane na dakika tano usiku wa kuamkia Machi 16, ingawa anwani inasema Machi 15. Nimeona watu wakibishana kuhusu siku taarifa fulani ilipotolewa, kumbe wote walikuwa sahihi.

Usiseme "tovuti kubwa kama ile haiwezi kupotea". GeoCities, huduma ya kujitengenezea tovuti, ilikuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, na Yahoo iliifunga Oktoba 2009. Sehemu kubwa ya kilichobaki kiliokolewa na watu wa kujitolea, wakiwemo Archive Team, wakikimbizana na tarehe ya kufungwa. Hata Internet Archive yenyewe ilishambuliwa Oktoba 2024. Huduma zilizimwa kwa siku kadhaa, na Wayback Machine iliporudi ilikuwa ya kusoma tu kwa muda, huwezi kuongeza ukurasa mpya. Kwa hiyo weka WARC yako kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Andika kando namba ya uhakiki ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu ambao kompyuta huukokotoa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ukiikokotoa tena baada ya mwaka ikatoka tofauti hata kwa herufi moja, faili limebadilika, chukua ile nakala ya pili.

Daftari langu lina safu nne: anwani, saa ya kuhifadhi, faili lilipo, na ya mwisho nimeiandika "nimeifungua hadi chini". Hiyo ya mwisho huijaza kwa kalamu nyekundu, na kwa upande wa tanzia huijaza nikiwa nimeshasoma jina la mtoto wa mwisho.