Kwanza gonga chasisi

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Umepata mtu hapo Njombe anayeitaka Land Cruiser yetu, amekupa hadi mwisho wa mwezi, na unataka nikujibu kwa neno moja: uiuze, uongezee, uchukue Hilux Vigo iliyotumika, au ubaki nayo uifanyie injini ovaholi. Unasema asubuhi haiwaki mpaka betri inataka kukata roho, inatoa moshi mweusi ukipanda Kitulo, imechemsha mara mbili ikiwa na mzigo wa parachichi, na oili inadondoka usiku pale injini inapokutana na giaboksi.

Yote uliyoyataja ni ya injini. Chasisi hukuigusa hata kwa sentensi moja, na mtoto aliyekulia duka la spea Mwanjelwa nilitarajia aanzie hapo. Msimamo wangu unaujua tangu ulipokuwa ukinipangia nati kwenye makopo: injini inauzwa, chasisi haiuzwi. Injini ya 1HZ kama hiyo yetu ukiikosa Mbeya utaipata Dar es Salaam. Chasisi ikishaoza, unabaki na injini nzuri isiyo na pa kukaa. Tena namba ya chasisi ndiyo utambulisho wa gari kwenye kadi. Ukibadili injini unaandikisha namba yake mpya, basi. Ukibadili chasisi, jiandae kutoa maelezo.

Kwa hiyo Jumamosi ioshe chini kwa maji ya presha, hasa nyuma ya magurudumu, kisha iache ikauke siku nzima. Usikubali vijana wa kuosha waipulizie oili chafu ili ing'ae. Ile oili hufunika nyufa, na ndiyo sababu wauzaji wanaipenda. Ingia chini na nyundo ndogo, bisibisi la zamani na tochi. Anza mbele kulia, pale namba ilipogongwa kwenye chuma, uhakikishe bado inasomeka. Angalia stelingi boksi inapofungwa, maana pale panachoka kwa kukatakata kona na mzigo. Halafu nenda nyuma, chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye mabano ya springi. Tope la Lupembe huingia ndani ya lile boksi la chuma likakaa mwaka mzima, kwa hiyo kutu huanzia ndani na nje rangi inabaki nzuri. Gonga kila kiganja kimoja. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kama umegonga gunia lenye maji. Pakijibu hivyo, sukuma bisibisi kwa nguvu.

Likizama mahali palipo wazi, mbali na mabano, na tundu halizidi sarafu, fundi mzuri wa kuchomelea atapaponya. Likizama kwenye bano la springi au kwenye stelingi boksi, mpigie huyo mtu wa Njombe siku hiyo hiyo, na umwonyeshe ulichokiona. Usimfiche. Ukikuta ufa, ncha yake itobolewe tundu dogo kwanza ili usiendelee kukimbia, na kiraka kikatwe kwa umbo la kishada, chenye ncha mbele na nyuma. Fundi akikuchomelea mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, chasisi itakatika kandokando ya weldi yake kabla ya masika kwisha. Na betri itolewe nyaya kabla hajawasha mashine.

Sasa hayo ya injini, kwa kuwa najua hutatulia nisipoyagusa.

Moshi mweusi wa Kitulo usikutoe jasho. Kule uko juu zaidi ya mita 2,600, hewa ni nyepesi, injini haina tabo ya kuisukumia hewa, na pampu inamimina dizeli ile ile iliyozoea kumimina huku chini. Dizeli inazidi hewa, inatoka haijaungua. Shuka nayo Chimala kwenye joto uitazame tena. Ikiendelea kutoa moshi huko, anza na filta ya hewa, kisha zitolewe nozo zinazopulizia dizeli, zikapimwe. Moshi wa bluu ndio ungeniogopesha, nao hukuutaja.

Kutowaka asubuhi: zipo hita plagi 6 za kupasha injini moto kabla ya kuwaka, na kwa baridi ya Njombe mbili zikifa utaona cha moto. Fungua ule ubapa wa chuma unaoziunganisha, kisha pima moja moja kwa taa ya majaribio, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine kwenye plagi. Isiyowasha taa imekufa. Ukinunua mpya soma volti zilizoandikwa ubavuni. Za volti 24 kwenye gari la volti 12 hazitapata moto wa kutosha, na za 12 kwenye 24 zitaungua. Zikiwa nzima zote, pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa 0.15 hadi 0.25 mm, za kutoa moshi 0.35 hadi 0.45. Valvu iliyobana haifungi vizuri, kompresheni inapotea, nawe unaambiwa ovaholi kumbe ni vibati vya kurekebisha nafasi hizo.

Ringi za pistoni zipime mwenyewe kabla hujamsikiliza mtu. Injini ikiwa ya moto, inanguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza kifuniko cha kuwekea oili, kigeuze, ukilaze juu ya tundu lake. Kikitulia huku kamvuke kanatoka kidogo, hiyo ni pumzi ya kawaida ya uzee. Kikirukaruka hadi kinaanguka na moshi unapuliza kwa midundo, hapo ringi zimekwisha na neno ovaholi lina haki ya kutajwa.

Oili ya usiku: iguse, uinuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali, kama kiberiti. Ya injini haina. Ikiwa ya injini, ni sili ya nyuma ya kranki. Sili yenyewe ni pesa ndogo, kazi ndiyo kubwa, maana giaboksi linashuka. Subiri zamu ya klachi, vifanyike pamoja.

Kuchemsha ndiko kulikonifanya nivae miwani.

Unaikumbuka ile pikapu nyeupe, Hilux ya injini ya 3L, tuliyokuwa nayo kabla ya hii. Mwaka 2006 ilianza kuchemsha ikipanda Matamba na mbolea. Haikuchemsha mjini, wala barabara ya Tunduma. Ni kwenye zile kona 57 tu, kuanzia kona ya kumi na kitu. Baba yako, Mungu amrehemu, akiisimamisha na kufungua boneti, kila kitu kiko mahali pake, maji yanatokota. Fundi akasema hedi, yaani kichwa cha injini, imepasuka, na baba yako akishasikia neno la fundi alikuwa hasikii tena la mtu mwingine. Siku ya mwisho tulisimama pembeni, akaniambia nikae mbele nitazame kama feni inazunguka, yeye akakanyaga mafuta. Feni ilizunguka. Lakini mpira wa chini wa rejeta niliuona unanywea. Ulibanana bapa, kama mrija mtoto anapoufyonza soda imekwisha. Alipoachia mafuta, ukajaa tena. Nikamwambia. Akasema mpira ni mpira, rudi ndani ya gari, baridi hiyo.

Nikarudi ndani ya gari.

Tuliiuza kwa bei ya gari lenye hedi iliyokufa. Aliyeinunua, mtu wa Igurusi, alibadilisha mpira mmoja. Ule mpira una waya wa springi ndani, na wetu ulikuwa umeoza, kwa hiyo pampu ya maji ikivuta kwa nguvu, mpira unajifunga wenyewe na rejeta inanyimwa njia. Ukipunguza mafuta unafunguka, ndiyo maana hakuna fundi angeuona kwa kufungua boneti injini ikiwa imezimwa. Miaka mingi baadaye niliiona pikapu ile ikipita hapa Uyole na viazi hadi juu ya mbao. Baba yako alikuwa kibarazani, akaitazama mpaka ikapotea, wala hakusema kitu. Nami sikusema. Hadi leo siuzi mpira wa chini bila kuuminya mbele ya mteja.

Basi kabla ya kuamini hedi, fanya hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame maji. Mapovu yakija mfululizo tangu dakika ya kwanza, na maji yananuka moshi, hedi au gasketi ina neno. Ikiwa ya moto usikiguse kile kifuniko, kovu la mjomba wako linatosha. Mapovu yasipokuja, mtu akanyage mafuta, wewe tazama mpira wa chini. Kisha zima ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka hovyo bila uzito, klachi ya feni imekwisha oili yake. Tazama pia mapezi ya rejeta kwa mbele, mbegu za nyasi na tope huziba bila mtu kujua. Na muulize fundi wako kama thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ipo. Wengi huitoa wakidhani wanasaidia, kumbe kwa baridi ya Makete injini haipati joto lake na inakula dizeli bure.

Jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulala nikikunyamazia. Ile taa ya mkanda wa taimingi huwaka kila kilomita 100,000, na inahesabiwa na spidomita. Spidomita ya gari hilo imesimama kwenye 412,000 tangu kebo ikatike, unajua ni miaka mingapi. Taa haiwezi kuwaka kamwe. Mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo hakuna tena barua ya kuandikiana. Badilisha mkanda wiki hii, hata kama unauza.

Haya, Vigo. Nilitaka kukuandikia zimwi likujualo halikuli likakwisha, kisha nikajiambia, mama wee, lakini linakula. Land Cruiser hiyo kwa milima yetu inakupa kilomita 7 kwa lita, ukijitahidi 8. Vigo ya 3.0 inaweza kukupa 10, na ina tabo, kwa hiyo Kitulo itapanda kama haijui kuna mlima. Nyuma ya Land Cruiser wajukuu wangu wanakaa kwenye benchi za ubavuni bila mkanda, jambo ambalo mkeo ameniambia kwa upole mara tatu. Hapo sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Ila nikirudi dukani najibishana tena. Ile injini ya Vigo, 1KD, ina nozo 4 za kompyuta zinazofanya kazi kwa presha kubwa mno. Maji kidogo kwenye dizeli ya pipa, kama ile unayonunua njiani ukikwama, yanaziua. Na kila nozo mpya ina namba yake inayotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Hapo Njombe nani atakuingizia? Vishaba, yaani washa za shaba za chini ya nozo, vikivujisha, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, presha ya oili inakata, injini inajisaga. Ukiipenda Vigo yoyote, sharti la kwanza ni sampu ishushwe ulione hilo chujio kwa macho. Mwuzaji akikataa, ondoka. Na ukiiagiza ng'ambo, kaa kwanza na kikokotoo cha TRA: bei ya mtandaoni ni mwanzo tu, bado ushuru wa forodha, VAT, na ule wa uchakavu, maana Vigo za mwisho zilitoka 2015.

Utasema nimekwepa. Gari ni lako, baba yako alikuachia wewe na si mimi, na kilomita ngapi za lami na ngapi za tope unazopiga kwa mwezi unazijua wewe. Mwambie mnunuzi asubiri Jumatatu. Jumapili jioni nipigie, uniambie chasisi imelia vipi, bano kwa bano. Mambo ya injini tutayaongea baadaye.

Nimekutengea kwenye boksi mkanda wa taimingi, sili za magurudumu ya mbele, na mpira wa chini wa rejeta, nimeuminya mwenyewe. Usinielewe vibaya. Ukiuza, huyo mtu wa Njombe atavihitaji, nitamuuzia yeye.

Mama yako