London hadi Geneva kwa nauli nafuu

SWALI: Ninaishi London, na kila mwezi ofisi hunituma Geneva kwa mkutano wa siku moja. Kila nikitazama nauli, imepanda. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachokuumiza hasa ni saa unayosafiri. Ndege za Jumatatu alfajiri na Alhamisi jioni hujaa watu wa ofisi, ambao hawalipi kutoka mifukoni mwao. Ukishajua tarehe ya mkutano, kata tiketi mapema. Linganisha nauli za viwanja vya ndege vya Heathrow, Gatwick, Luton na London City, ukijumlisha na nauli ya treni ya kufika huko. Unafuu wa Luton huweza kuishia kwenye treni. Desemba hadi Machi, epuka Jumamosi: wanaokwenda kuteleza kwenye theluji hupitia Geneva kuelekea milima ya Alps, na bei hupaa.

Pima begi pia. Shirika la ndege la easyJet huruhusu bure begi moja la sentimita 45 kwa 36 kwa 20, la kuingia chini ya kiti. Kubwa zaidi hulipiwa.

Na hili tafadhali lizingatie: ukiwa na tiketi moja ya kwenda na kurudi, usipopanda ndege ya kwenda, mashirika mengi hufuta na ya kurudi. Ratiba ikiwa haijatulia, kata tiketi mbili tofauti.