Barua kwa mwanangu: Washington alifanya kazi bure?

Mwanangu,

Marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli George Washington, jemadari wa Marekani katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, alipigana miaka minane bila kulipwa hata senti. Nimekaa na masurufu ya serikali karibu maisha yangu yote ya kazi, basi nitakujibu kama mhasibu.

Mshahara aliukataa, ni kweli. Juni 1775 Bunge la makoloni ya Marekani lilimwekea dola 500 kwa mwezi. Akasema hataki, ila ataandika gharama zake barabara, arudishiwe hizo tu. Hiyo si bure, mwanangu. Mshahara hauulizwi umeutumiaje. Gharama utaulizwa mpaka ya mshumaa.

Sikiliza alichoandika tarehe 15 Julai 1775, hata wiki mbili hazijatimia tangu ashike jeshi: dola 333 na theluthi, kapewa mtu aingie Boston, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza, kuanzisha mawasiliano ya siri kuhusu nyendo za adui. Jina la mtu huyo hakuliandika. Mimi hati ya malipo isiyo na jina la mlipwaji ningeirudisha saa ileile. Lakini jina lile lingemfikisha mtu kwenye kitanzi. Siku ipo, kiasi kipo, kazi iliyolipiwa ipo, na pengo lenyewe ameliacha wazi kila mtu alione. Hakubuni jina la uongo ili ukurasa upendeze. Hapo ndipo ninapomheshimu.

Kuna na safari za mkewe kwenda kambini, zaidi ya pauni 1,000. Alieleza kwamba kila mwaka aliahirisha kwenda nyumbani kwa ajili ya vita. Hiyo ningemwita ofisini tuizungumze.

Barua nazo zilikuwa zimemzidi. Mwaka 1781 aliruhusiwa kuajiri makarani, chini ya Richard Varick, wakanakili mafaili yake kwenye madaftari mpaka 1783.

Mwaka huo vita vilipokwisha alikabidhi hesabu zake, kaziandika kwa mkono wake mwenyewe. Wakaguzi wakazipitia, wakakuta yeye ndiye bado anaidai serikali 89/90 ya dola, maana siku hizo dola waliigawa vipande 90. Mwenyewe alikiri kwamba fedha zake nyingine zilipotea, kwa matumizi ambayo katika pilikapilika hakuyaandika.

Mwaka 1833 daftari hilo la hesabu lilichapishwa kwa mwandiko wake uleule. Ukilikuta maktabani hapo chuoni, nipigie picha ukurasa wa mwisho. Nataka kuona alivyofunga jumla.

Mama yako